Nusu Saa ya Kumsemesha Baba

Anayesema maneno hayanunuliwi, aje nimwonyeshe risiti. Mimi maneno ya baba yangu nimeyanunua moja moja, kwa dakika, na nimepigana na kampuni nne za simu mpaka nikayapata kwa bei ninayoiweza. Kwa hiyo asije mtu kuniita bahili. Bahili hukataa kulipa. Mimi nilikataa kuibiwa.

Baba alikuwa mnadi. Nyumbani wanamwita Honi, kwa sababu akipanda juu ya kreti pale uwanja wa mnada akaanza kunadi kabati, kitanda cha chuma au cherehani iliyokosa mguu, hata aliyelala mtaa wa tatu aliamka akajua bei. Miaka thelathini na mbili alitulisha kwa koo lake. Halafu asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, upande wa kulia ukamkataa na mdomo ukaenda kando. Kiharusi. Hospitali walimrudishia mguu, mkono wakamrudishia nusu. Sauti ilibaki ile ile, nene, ila maneno yaliondoka. Akitaka maji alisema "ma... ma...", kisha akaipiga meza kwa hasira.

Mimi nilikuwa mbali, nchi ya watu, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Ni chumba cha chini kabisa, hakina dirisha. Mashine za kufulia zimepangwa upande mmoja, meza za pasi upande wa pili, na katikati mikokoteni ya shuka na taulo isiyokwisha. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, dawa za Baba zilitoka kwenye pasi yangu. Ningerudi, tungekaa naye tukitazamana.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alimwambia wifi yangu wazi: "Aongee nusu saa kila siku, na awepo mtu wa kumjibu. Miezi hii sita ya mwanzo ndiyo ya kupigania. Ikipita bure, maneno atakayokuwa nayo siku hiyo ndiyo huenda akabaki nayo."

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori, nyumbani analala siku mbili kwa mwezi, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia mkewe. Alijitahidi, masikini. Lakini Baba hakutaka kuongea mbele yake. Alifunika mdomo kwa kiganja. Wenzake wa mnadani wakija kumjulia hali, alijifanya amelala. "Anaona haya, wifi," aliniambia. "Anajua mdomo umepinda. Anaona kila mtu anautazama."

Basi siku nilipopiga, wifi akamwekea simu sikioni. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Kisha nikasikia, "Mar... mara..." Hakulimaliza, akaanza upya. Mara tatu alianza upya! Wifi akaichukua simu huku analia. "Umesikia? Wiki tatu hajanijaribia neno hata moja." Kwenye simu hakuna anayeuona mdomo. Pale pale nikajua kazi hii ni yangu. Kwa hiyo msiniletee habari za simu za picha, Baba angeitupa dirishani. Yeye na simu yake ya vitufe hawatenganishwi.

Nikaanza na kampuni kubwa, ile ile iliyonisajilia laini siku niliyofika. Mapumziko yetu ya mchana ni dakika arobaini, kwao kule ni asubuhi. Nusu saa naongea na Baba, dakika kumi nakula nimesimama. Siku ya tano laini ikakauka. Nikapiga hesabu, nikapiga tena nikidhani nimekosea. Nusu saa ya Baba ilikula nusu ya mshahara wangu wa siku. Nikaongeza salio. Siku ya kumi na mbili nikawa chakula cha mchana nakila kwa macho.

Pale kazini kuna mama mmoja tunamwita Shangazi, mzee kuliko sisi wote, mkono wake kwenye pasi haujawahi kuunguza foronya. Akaniona. "We' mtoto, unampigia nani simu hiyo, waziri?"

Nikamweleza. Akaguna. "Kampuni kubwa ni ya watu wenye haraka. Wewe una haraka?"

"Nina miezi mitano, Shangazi."

"Basi tafuta njia za pembeni. Zipo. Ila fungua macho, maana huko pembeni ndiko wanakokaa na wezi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanza na kadi ya kukwangua, inauzwa dukani pamoja na viberiti. Imeandikwa dakika mia. Nikaifuata kwa saa ya ukutani: dakika arobaini na moja, kwisha! Kumbe kila ukiunganishwa wanakata ada kwanza, halafu wanahesabu dakika tatu tatu, ukiongea moja umelipia tatu. Nilirudi dukani nikamsomea mwenye duka yale maandishi madogo ya nyuma, neno kwa neno, mbele ya wateja wake. Hela hakurudisha, lakini siku ile kadi hakuuza.

Nikahamia kwenye simu za mtandao, ambapo unapiga kutoka kwenye programu na inaita hata simu ya vitufe. Bei ilikuwa nzuri sana, hiyo sikatai. Lakini sauti ilichelewa. Mimi nikisema neno linafika baadaye, na yeye ameshaanza lake, yanagongana njiani. Mtu anayetafuta neno dakika nzima, ukimwingilia, ndiyo basi tena. Siku ya tatu Baba alikata simu mwenyewe. Nikaifuta programu ile kwa hasira kama vile imenitukana.

Ya nne ilikuwa kampuni ndogo, ofisi yake chumba kimoja juu ya fundi wa kuchonga funguo. Mpango wao ni huu: unapiga kwanza namba yao ya hapa hapa, ukisikia mlio unabonyeza namba ya nyumbani, wao wanakuvusha. Pale mezani alikaa dada mmoja mwenye miwani. Nikamwambia silipi mpaka nisikie. Akacheka, akanipa simu yake nijaribu. Nikampigia wifi, nikaangalia sekunde, nikasikiliza kama kuna mwangwi. Sauti ilikuwa safi mpaka nikasikia kijiko kikianguka jikoni kwetu. Bei? Dakika kumi kwa bei ya dakika moja ya kampuni kubwa. Nilishuka ngazi zile karibu niruke.

Jioni ile nikamwandikia wifi ujumbe: amwambie Baba kuanzia kesho nitapiga kwa namba ngeni, saa ile ile. Kesho hiyo wifi alikuwa anarudi kazini kwake, duka la dawa, baada ya likizo ya kumuuguza Baba. Angemwachia Baba simu mezani, upande wa mkono mzima, apokee mwenyewe.

Kesho yake nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, vile vile. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu pia.

"Wifi, hiyo simu iko wapi?"

"Mkononi mwake! Nikitoka asubuhi ameishika, nikirudi ameishika. Nikimuuliza mbona hupokei, anatikisa kichwa."

Siku ya sita niliketi juu ya furushi la taulo chafu nikalia. Nasema ukweli, nililia kwa hasira kabla ya huzuni. Nimehangaika kote huko, nimegombana na watu, halafu yeye amechoka? Mazoezi ya siku sita yamepotea na miezi inakwenda. Niliogopa kwamba haya imemshinda hata kwenye simu, na kwamba sauti yake sitaisikia tena, nitasimuliwa tu. Shangazi akasimama mbele yangu na chupa yake ya maji. "Ukimaliza kulia, kadai hela yako. Kulia huku umeibiwa ni hasara mbili."

Siku yangu ya mapumziko nikapanda ngazi za fundi funguo nimekunja uso. Dada wa miwani hakuningoja nifungue mdomo.

"Afadhali umekuja," akasema. "Mimi pia nina malalamiko. Kuna mtu wako anatusumbua."

Akageuza kompyuta yake nione. Orodha ya simu zilizoingia bila kupokelewa. Namba ya Baba, siku sita mfululizo, kila siku dakika moja baada ya simu yangu kukatika. "Inalia mara moja, anakata. Tukimpigia hapokei, analiza tena mara moja. Ni mtoto anachezea simu?"

 Nikavuta kiti.

Ngoja nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa. Sisi ni ukoo wa kubipu. Tangu niondoke nyumbani, miaka mitano, kila asubuhi nilikuwa namlizia Baba simu mara moja nakata. Maana yake: niko salama. Naye ananilizia mara moja: na mimi niko salama. Kupokea ilikuwa marufuku, ukipokea umemla mwenzako hela. Kaka aliwahi kupokea kwa bahati mbaya, akachekwa mwezi mzima. Kwetu sisi, kuokoa hela ya simu ni kutopokea. Hakuna maana nyingine.

Jioni nikapiga kwa kampuni kubwa, potelea mbali, wifi akiwepo. "Wifi, nikumbushe. Siku ile ulimwambia Baba nini hasa?"

"Nilimwambia binti yako amepata njia ya kuokoa hela ya simu, atapiga kwa namba ngeni." Akalisikia neno lake mwenyewe. "Mungu wangu," wifi akasema. "Wifi, mimi ndiye niliyemziba mdomo."

"Hukumziba. Mpe simu, weka sauti kubwa."

Nikamsikia akipumua. Yaani mzee yule siku sita ameketi peke yake mezani, anangoja saa yangu, simu inalia, anajizuia kwa nguvu zote asiipokee, kisha kwa mkono wa kushoto anatafuta vitufe anibipu kwamba yuko salama. Na mimi huku namlaumu! Sikuwa na salio la kulia.

"Baba, ile namba ngeni ni mimi. Ikilia upokee. Ni rahisi. Dakika kumi kwa bei ya moja."

Akaguna. Kisha, "U... u... wo..."

"Sema, Baba."

"Uwongo!"

Wifi akapiga kelele kule jikoni. Neno zima! Na neno lenyewe ni tusi kwangu, lakini lingekuwa dhahabu nisingefurahi zaidi. Nilipaswa kujua. Mnadi hata awe mgonjwa hakubali bei asiyoiamini, anajua kabati la bei ya kutupa lina mchwa ndani.

"Haya, wewe unaona bei ya moja inaweza kutoa dakika ngapi?"

"Ta... tano."

"Mimi nasema kumi."

"Ta... no!"

"Tisa, basi, na upokee kesho."

"Sita!"

"Saba, Baba, unaniua. Saba na tumalizane."

Akacheka. Lile cheko lake la uwanjani, likatoka upande mmoja wa mdomo lakini likatoka. "Sa... saba. Ha... haya." Hesabu zilikuwepo zote, kumbe. Zilikuwa zimekaa tu zinangoja mnunuzi.

Usiku ule nikakata shauri. Mambo ya "Baba sema mama, Baba sema maji" basi. Kesho yake alipopokea, na alipokea mlio wa kwanza haujaisha, sikumsalimia sana. "Baba, mbele yangu kuna shuka la chumba cha mia mbili na tatu. Jeupe, la watu wawili, lina doa la kahawa pembeni. Nadi."

"Nini?"

"Nadi. Wateja wako hapa." Nikawasha sauti kubwa nikaiweka simu kwenye meza ya pasi.

Wasichana wa pasi wakanitazama kama nimerukwa na akili. Lakini Shangazi akaitikia hapo hapo, "Mimi natoa kumi!"

Ile sauti nene ikaja, inapapasa njia: "Ku... kumi. Nani... nani za... zaidi?"

"Kumi na mbili!" akasema binti wa foronya.

"Kumi na mbili! Ma... mama. Doa... doa si... neno. Na... nani zaidi?"

Tangu siku ile, kila mchana chumba cha kufulia kiligeuka mnada. Tulimpa Baba anadi taulo zilizochanika, vazi la mpishi lisilo na kifungo, soksi moja ya mgeni aliyehama. Wiki ya pili alikuwa ananadi kwa sentensi za maneno manne. Mwezi wa tatu alimgombeza Shangazi kwamba anatoa bei ya kuvunja soko, na Shangazi, ambaye hagombezwi na msimamizi mwenyewe, akaomba radhi. Msimamizi alishuka kuja kutukemea kwa makelele. Nikamwambia, bosi, haya ni mapumziko yetu na huyu ni baba yangu anatibiwa. Akasimama akasikiliza. Kabla ya kupanda ngazi akauliza kwa sauti ya chini soksi imefika ngapi.

Ila kuna jambo moja. Kwenye kunadi aliruka, nje ya mnada alikwama. Ukimuuliza "umelalaje" anarudi kwenye "ma... ma..." Mtaalamu alimwambia wifi kwamba hiyo hutokea, ya kazi ya zamani huja mbele, ya kawaida hufuata, au hayafuati. Ulikuwa mwezi wa tano kati ya ile sita. Nikauma meno. Nikamwambia wifi, mnada mbele kwa mbele mpaka siku ya mwisho.

Halafu Jumatatu moja nikapiga namba ya kampuni yetu ndogo, badala ya mlio nikaambiwa na mashine namba hiyo haipatikani. Mara ya pili hivyo hivyo. Nilipiga mara kumi na nne nimesimama ngazini. Nikampigia fundi funguo. "Wale?" akasema. "Wamefunga Jumamosi. Wamehamisha na viti."

Wasichana walikuwa wameshapanga bidhaa mezani. Dakika ishirini za mapumziko zilikuwa zimekwenda. Salio langu la kampuni kubwa lilitosha kusema "haloo" na "kesho". Nikawaambia leo hakuna mnada, na nikaanza kuwauliza mmoja mmoja nani anajua njia nyingine, kampuni yoyote, hata iwe inauza simu chooni, nitakwenda nikitoka zamu. Sikuwa tayari kupoteza siku hata moja.

Simu yangu ikalia. Baba. Nikangoja akate. Hakukata. Ikalia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na Shangazi akanisukuma bega. "Pokea, we' mtoto!"

"Baba! Kata haraka, hiyo ni bei ya kule, itakumaliza. Laini yetu imefungwa. Kesho nitakuwa nimepata nyingine. Kata!"

"Si... sikati."

"Baba, hilo salio ni..."

"Langu," akasema. "Nime... nunua. Mi... mimi mwenyewe. Dukani."

Alikuwa ametoka nje. Baba, aliyekuwa anajifanya amelala wageni wakija, amekwenda dukani na mdomo wake, akafungua akasema anataka nini. Nilishika ukingo wa meza ya pasi, bado una moto, ukaniunguza, nikauachia.

"Haya, Baba," nikasema. "Leo tuna taulo mbili na..."

"Hapana." Akavuta pumzi. Nilimsikia akitafuta, nikamngoja, na safari hii sikuhesabu sekunde. "Mama," akasema. Baba huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa jina langu ni la mama yake. "Mama, we... wewe. Una... unaendeleaje?"

Miezi yote hii nimemuuliza mimi. Wifi amemuuliza, mtaalamu amemuuliza, chumba kizima kimemuuliza. Hakuna aliyeniuliza mimi, na sikuwa nimegundua. Nilitaka kusema sijambo, kama kawaida. Wasichana wote walikuwa wananitazama. Nikajibanza nyuma ya mkokoteni wa shuka.

"Nimechoka, Baba," nikamwambia. "Nimechoka sana."

Dakika zake za bei ghali zikawa zinakwenda. Kisha akalisema neno moja, na halikukatika katikati.

"Pole."

Nikalia mpaka salio lake likaisha, naye hakukata.